Mguu Usio na Mwenyewe

Usiku ule wa kuamkia siku ya kutuma makala yetu, nilipitiwa na usingizi nikiwa bado na nguo za kazini. Kwa miezi mingi tulikuwa tukichunguza viumbe wa misitu ya Uluguru ambao watu huwaita buibui kwa miguu yao mirefu, ingawa hawana kiuno wala hawafumi utando. Kwa macho walikuwa aina moja tu: rangi ileile, mwiba uleule kati ya macho. Vinasaba ndivyo vilivyosema wako wa aina mbili. Ile mpya tuliipa jina la Mwalimu Mhina, aliyenifundisha kazi hii, Mungu amrehemu.

Nikamwona maabara, amevaa koti lake lililochakaa viwikoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Anainamia hadubini, anageuza kitu kwa kibano, anakigeuza tena. Mara tuko msituni, mvua inanyesha, naye bado ameinama, anafukua majani makavu.

"Unatafuta nini, Mwalimu?"

"Mwenye mguu huu."

Ananyoosha kiganja. Mguu mmoja, mwembamba kama uzi, bado unachezacheza. Nataka kusema namjua mwenyewe, ulimi hauinuki. Nakimbia huku na huku, naokota kiumbe mmoja baada ya mwingine, na kila ninayemwokota ana miguu yote minane.

"Zainabu," akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilikufundisha kuukata mwilini, kwa mkono wako."

Nikaamka nimelowa jasho, maana ni kweli. Alitufundisha kila kiumbe na chupa yake. Mguu wa kupimwa vinasaba ukatwe mwilini, upewe namba ya mwili huo. Sisi siku ile ya kuwakusanya tulikuwa na haraka, tukajaza viumbe wa kila namna, hata wa aina nyingine zinazojulikana, kwenye chupa moja, na viumbe hawa hupukutisha miguu ovyo. Nikauokota mmoja uliokuwa umelala kwenye kitako cha chupa, nikaupeleka kupimwa bila kujua ni wa nani. Ushahidi wote wa aina ya pili ulitoka kwenye mguu huo. Nilijua, nikajiambia hakuna atakayeuliza.

Nikampigia Neema, mwenzangu, ambaye ndiye angeituma makala.

"Usitume, mdogo wangu. Kipimo kile hakiaminiki, na kosa ni langu."

"Sasa dada, na jina la Mwalimu?" akauliza.

"Lifute," nikasema, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu tumzike.