Disketi za Binti Yangu Nimezificha Mimi, na Mchumba Wake Azitafuta

Kwako msimamizi wa ukurasa huu, na kwenu wasomaji wenzangu wa pwani na bara, asalaam aleikum. Sisi hapa Mji wa Kale twashukuru. Mamangu mzazi hajambo, ila magoti yake hayataki tena ngazi. Dadangu Zuhura hajambo, angewasalimu lau angejua naandika. Kakangu Kassim, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba tangu mume wangu afariki, hajambo kwa uwezo wake Mola. Na binti yangu Rukia, aliyenifanya nishike kalamu, mwili wake haujambo. Moyo wake ndio siujui. Majina yote nimeyageuza, na langu nawaomba mlistiri.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa. Shule niliishia darasa la tatu, na riziki yangu ni kushona kofia za viua, zile zenye nakshi ya vitundu. Rukia ndiye mtoto wangu wa pekee. Amesomea kompyuta, na kazi yake ni kuzifufua kompyuta kuukuu za ofisi za mizigo kule Shimanzi, zile zenye kumbukumbu ndogo ambazo programu za siku hizi zazilemea. Afanya kazi hiyo pamoja na kijana nitakayemwita Munir, ambaye sasa amemposa.

Rukia alitengeneza mwenyewe programu ya kuziingiza programu nyingine ndani ya mashine hizo na kuzitoa. Kila programu aliiwekea faili yake ndogo ya maelezo, kwa Kiswahili kitupu: jina lake, kazi yake, yahitaji nini kabla ya kuwekwa, na nani ameitengeneza. Siku moja alinikalisha mbele ya kioo cha kompyuta nikasoma kwa kuvuta vuta, mpaka nikafika kwenye jina lake na la marehemu babake. Nililia, jamani.

Nikamuuliza kwa nini aziandike moja moja. Akaniambia, "Mama, kompyuta hizi ni kama meza yetu ya jikoni. Ukirudi Marikiti huwezi kumwaga kikapu chote juu yake. Watoa kitunguu, wakata, watia sufuriani, ndipo watoa nyanya. Nayo kompyuta yasoma mstari mmoja, yaufanyia kazi, yausahau, yaenda wa pili."

Basi Munir alipoleta posa, ndipo alipoanza kubadilisha mambo. Faili zote zile amezikusanya kuwa faili moja kubwa iliyofungwa. Ukiifungua kwenye kioo waona alama tu, kama siafu waliokanyagwa. Asema hivyo ndivyo wafanyavyo watu wa maana, na ni haraka zaidi. Lakini Rukia mwenyewe aliniambia kuwa zile mashine dhaifu kabisa sasa zakwama, kwa sababu lazima zimeze kikapu chote kwanza. Kama hivyo ndivyo, haraka hiyo ni ya nani?

Alipokuja kula kwetu siku ya Ijumaa, nilimuuliza. "Munir, mwanangu, mbona maandishi ya Rukia hayasomeki tena?"

"Mama, wateja wakiyasoma watajifanyia wenyewe. Sisi tutakula nini?"

"Na Rukia akitaka kuyasoma?"

Akacheka. "Rukia ni wangu, Mama. Baada ya nikaha nitamfundisha kuifungua."

Zuhura akapiga kigelegele cha utani, Rukia akainamisha uso huku anatabasamu. Mimi nikalirudisha tonge sahanini. Kazi aliyoibuni mwanangu, afundishwe kuifungua? Tena baada ya nikaha?

Kabla hajaondoka akamwambia Rukia ampelekee zile disketi za zamani azifute, ati disketi ni ghali na zinahitajika. Humo ndimo mlimobaki faili zake zilizo wazi, kwingine hazipo. Rukia alipotoka kumsindikiza, nilizichukua nikazitia sandukuni mwangu, chini ya kanga.

Tangu hapo Munir hana swali jingine ila disketi ziko wapi. Juzi alisimama mlangoni, nami nipo, akamwambia, "Kitu kidogo kama hicho umekipoteza, nyumba utaiweza?" Rukia akaomba radhi. Mwanangu aomba radhi kwa kosa langu, nami nimeinamia kofia yangu kama siwasikii.

Nilimdokezea Zuhura shaka yangu tu, si habari ya disketi. Akanijia juu: "We Mama Rukia, wallahi una mambo! Posa ya watu uivunje kwa maandishi ya mashine? Sema tu hutaki mwanao atoke nyumbani." Neno hilo limenichoma. Siwezi kuapa kuwa ni uongo.

Rukia naye nilimuuliza kama hana wasiwasi. Akanitazama sana. "Ukisema la, Mama, nitaitika. Lakini usije ukaniuliza kwa nini nimenyamaza."

Sasa washenga warudi kuchukua jibu, na Kassim angoja neno langu. Mahari twajua kuyataja mbele ya wazee. Hili la faili nitalitajaje? Nikisema kwanza amrudishie mwanangu maandishi yake yakiwa wazi, watanicheka, au wataondoka wasirudi. Nikizitoa disketi, Rukia atajua mwizi ni mamake, naye kwa mapenzi aliyonayo atampelekea Munir zifutwe. Nikinyamaza, nitakuwa nimemwoza huku nimekalia kitu pekee chenye jina lake.

Enyi mlio na mabinti, na nyinyi mnaozijua kompyuta, je, mtu mwema aweza kuwa na sababu njema ya kufanya hivi, nami ndiye mwenye roho mbaya? Nishaurini, nifanye nini? Nawasihi mjibu upesi kabla washenga hawajabisha hodi, kwani kila Munir akija, Rukia huenda kutafuta tena chini ya kitanda.