Kijana Mwenye Roho Tatu

Harufu ya pilipili ikiungua pamoja na kinyesi cha ndovu, hiyo ndiyo ya kwanza ninayoikumbuka. Tulikuwa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na mamangu aliichoma kando ya shamba ili ndovu wasile mahindi. Sisi tulipiga chafya, ndovu wakala. Mama alicheka mpaka akaketi chini. Mwaka uliofuata alifariki, nikabaki sina mtu ila mjomba Mwakio, ndugu yake mdogo, aliyenichukua na kigunia changu cha nguo akanipeleka Kaloleni, pale Voi mjini. Nilitaka kusema habari ya filamu, nimejikuta kwa ndovu. Mnivumilie, mimi nilikomea darasa la nne.

Mjomba alikuwa mfasiri wa video. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha mabati, televisheni moja, mabenchi, na joto la kuivisha mkate. Jumapili mchana watu walipotoka kanisani, yeye alisimama kando ya kioo na kifimbo, akieleza kwa Kiswahili na kutia Kidawida, lugha ya Wataita, pale penye utamu. Mimi nilikaa benchi la mbele peke yangu. Watoto wengine walikuwa na ndugu zao, na maneno yangu ya Kasigau yaliwachekesha.

Basi ikaja filamu ya mapenzi na vichekesho, iliyotengenezwa kama michezo ya video na vile vitabu vya picha. Kijana anamtaka msichana muuza maua, lakini kila akibisha mlango anatokea jitu la kupigana naye. Ngumi ikimpata, neno kubwa la rangi linaning'inia hewani. Juu ya kioo kuna mioyo mitatu. Akishindwa anakufa, moyo mmoja unazimika, naye anaanza upya mlangoni na shati safi. Alipokufa mara ya kwanza, akina mama wa kwaya walianzisha wimbo wa mazishi.

"Mama zangu, ketini," mjomba akawaambia. "Huyu ana roho tatu."

"Amepewa na nani?" akauliza mjane mmoja.

"Wenye mchezo."

"Basi wangempa na mume wangu."

Watu walicheka, na yeye akacheka, kisha akajifuta macho kwa leso.

Filamu hiyo ilirudiwa Jumapili nyingi, na mjomba akaanza kuiamini. Alikuwa akimtaka Wakesho, fundi wa kushona wa kijiji cha Mraru. Aliniambia Wakesho akija, nitakuwa na mtu wa kuningoja nikitoka shule. Nililitaka jambo hilo kuliko yeye. Sasa, kwetu ukipeleka sukari na majani ya chai kwa wazazi wa msichana, vikarudishwa bila kufunguliwa, umejibiwa. Unanyamaza, unamwachia msichana na shangazi zake wambembeleze baba polepole. Ukirudi mwenyewe, umemwaibisha msichana. Vya mjomba vilirudishwa. Akaenda tena, vikarudishwa tena. Akakaa kitandani, nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Mjomba, bado moja."

Siku hizi wajukuu wangu wanacheza michezo hiyo kwenye simu, wanakufa na kufufuka huku wakila viazi, na hakuna anayeuliza amepewa na nani. Nyumba yangu imejaa watu. Lakini saa ya watoto kutoka shule ikifika, mimi hutoka nikasimama nje, na sijui namngoja nani.

Mara ya tatu tulikwenda sote wawili, kifurushi nimekibeba mimi. Baba mtu hakutoka. Alitoka Wakesho, uzi ungali umemning'inia begani.

"Mwakio," akasema, "shangazi alikuwa ameshamlainisha baba. Ungengoja tu. Sasa kijiji kizima kinanicheka, na baba amesema hataki kusikia jina lako. Mimi nitakutetea kwa mdomo gani?"

Mjomba alinishika mkono tukaondoka. Tulipofika barabarani alinifunga kifungo cha shati, akanielekeza upande wa Voi. "Tangulia na sukari. Mwambie mama mwenye nyumba akukorogee chai."

Nikatangulia. Nilipogeuka alikuwa anatembea upande wa pili, wa Taveta, mikono mfukoni, bila haraka, kama mtu anayekwenda hapo dukani. Nyumbani nilikoroga chai mwenyewe nikamwekea mjomba kikombe chake. Hakurudi.