Blanketi Lililorudi kutoka kwenye Mvuke

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimamizi alinipa bunda la karatasi za kuzibia milango. "Hapa hatufagii," alisema. "Tunaondoa kisichoonekana." Nilicheka kimoyomoyo. Bukavu nilikimbia vinavyoonekana, na Brussels nalipwa kwa visivyoonekana!

Basi, wanangu, kazi yetu ya kuua vijidudu ilikuwa hivi. Mtu akifa kwa ugonjwa wa kuambukiza, tuliingia katika zile nyumba nyembamba za mtaa wa Ixelles, za karne ya kumi na tisa, dari juu kabisa, ngazi zikilalamika. Tuliziba kila ufa, tukafukiza dawa, tukangoja. Godoro na nguo vilipelekwa étuve, yaani tanuri kubwa la mvuke. Mwisho tulifungua madirisha, na hapo ndipo nilipoipenda kazi. Pazia lilipumua, mwanga wa asubuhi ukaelea ndani ya moshi mwepesi, na chumba kizima kilikuwa kama kinaota.

Siku moja tulimkuta mjane wa kwetu Kivu, Maman Furaha, amekumbatia blanketi la mumewe. Kwetu nguo za marehemu hazifuliwi kabla matanga hayajaondolewa.

"Bon, papa, beba matelas ya kulalia, beba na rideaux za madirisha. Lakini hii, hapana. Harufu yake iko ndani."

"Maman, batoto bako batagonjwa."

"Alors, nitamunusa wapi?"

Nilimtafsiria mkuu wa idara aliyekuja nasi siku hiyo, mzee wa Kiflamandi asiyependa maneno mengi. Alivua kofia. "Mpe pole," akasema, "kisha ulichukue."

Nikalichukua. Lilirudi laini, safi, bado lina joto. Maman Furaha alijifunika nalo uso, akavuta pumzi ndefu, kisha akalikunja taratibu.

"Aksanti, papa. Sasa ni blanketi ya hôtel."

Watoto wake hawakuugua. Hata leo ningelichukua, maana kinga ni bora kuliko tiba. Lakini iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa nimestaafu, naishi Ganshoren, mtaa mtulivu mno. Mke wangu alifariki majuzi kwa ugonjwa wa moyo, usiomwambukiza mtu. Binti yangu, ambaye kwa desturi yetu namwita maman, alikuja kunipangia chumba, akashika dirisha.

"Papa, nifungule kidogo? Hewa iingie."

Mimi, niliyewafungulia watu madirisha maisha yangu yote, nilimshika mkono.

"Hapana, maman. Iache imefungwa. Bado niko namunusa."