Siku ya Familia parokiani: wadogo zangu walipopewa wazazi wa siku moja

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia, Kongo.

Kwanza niwataje waliokuwepo siku hiyo, ili kama mmoja wao yumo humu ndani anikatize nikianza kuongeza chumvi.

Tulikuwa sisi wanne wa nyumba moja: mimi, Espérance anayenifuata, Héritier, na Merveille, kitinda mimba wetu. Alikuwepo baba mdogo Ukumu, mdogo wake marehemu baba, aliyetoka Mahagi, kwenye ukoo wetu. Alikuwepo Mama Régine, mkuu wa shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa. Walikuwepo Papa Faustin, mwalimu, na Mama Zawadi, fundi wa kushona, kila mmoja na watu wake. Alikuwepo abbé wetu, yaani padri. Wengine walikuwa parokia nzima, sitawamaliza.

Kwa wasionijua: baba alitangulia, mama akamfuata, Merveille akiwa bado anatambaa. Niliacha masomo nikiwa huitième, darasa la nane, nikaingia kazi kwenye moulin, mashine ya kusaga muhogo. Mpaka leo ndiyo kazi yangu. Jioni narudi nyumbani mweupe kama mzimu, na Merveille hunikataza kumgusa mpaka nioge.

Sijaandika haya ili mnihurumie. Nimeandika kwa sababu ya jambo moja zuri ambalo lilianza vibaya.

Parokia yetu kila mwaka, Jumapili ile inayofuata Noel, inafanya Siku ya Familia. Asubuhi ni misa. Kila familia inaitwa mbele ya altare, baba na mama wanaweka mikono juu ya vichwa vya watoto wao, abbé anawanyunyizia maji ya baraka. Halafu tunatoka uani kwa michezo na chakula. Kila familia inaleta sufuria yake na kutandika mkeka wake.

Miaka yote sisi wanne tulikuwa tunakaa benchi la nyuma wakati wa kuitwa. Hakuna aliyetufukuza. Ila utaratibu unasema baba na mama, na sisi hatuna.

Sasa mwaka huo Mama Régine akaja kwetu katikati ya juma. Alikuja na furaha kabisa.

"Yaya," akaniambia, maana mtaa mzima unaniita vile wadogo zangu wanavyoniita, yaani kaka mkubwa, "shirika limekaa na kuamua. Hii mwaka hakuna mutoto atabakia bila baba na mama. Merveille atapanda na siye. Héritier, Papa Faustin amemuomba. Espérance ataenda na Mama Zawadi."

"Na miye?"

"Weye uko mwanaume, utajisimamia!" Akacheka, na mimi nikacheka.

Wakuu, nilimshukuru kwa mikono miwili. Nilimwona Merveille akirukaruka kwamba naye atamwagiwa maji mbele. Sikuona ubaya wowote, na hata Mama Régine hakuuona. Ulikuwa wema mtupu.

Jumamosi yake, jua likiwa linaelekea kuzama, moto, yaani pikipiki, ikasimama mlangoni. Baba mdogo Ukumu akashuka, vumbi la barabara ya Mahagi limemjaa hadi kwenye nyusi. Hatukuwa tumepata habari ya safari yake.

Alikula, akanawa, akasema bila kuzunguka:

"Nimekuja kuchukua hawa wawili wadogo. Héritier na Merveille. Espérance amekomaa, anaweza kubakia. Lakini kijana hajaoa, bila bibi, atalea musichana mudogo namna gani? Kesho tusali, kesho kutwa niondoke nao."

Si mtu mbaya. Naomba mlielewe hilo kabla hamjaanza kumtukana kwenye komenti. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na yeye ndiye baba aliyebaki. Mimi ni nani wa kumwambia hapana?

Nilimwambia tu: "Baba, siye tunakaa pamoja. Tumezoea."

Akajibu: "Kuzoea si kulelewa."

Basi kesho yake tukaenda misa tukiwa hivyo. Wadogo zangu hawakujua kitu.

Misa ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Wakati wa Utukufu, wasichana wadogo walicheza kuzunguka altare na Merveille akiwa kati yao, kitambaa cheupe kichwani, anakosea hatua na kucheka mwenyewe. Nilisahau shida yangu kidogo.

Halafu familia zikaanza kuitwa.

Nikamwona Merveille akipanda ameshika kikwembe, yaani kitenge, cha Mama Régine. Héritier akapanda na Papa Faustin, amechomekewa shati vizuri kuliko ninavyomchomekea mimi. Espérance akaenda na Mama Zawadi. Mikono ya watu wengine ikawekwa juu ya vichwa vyao.

Benchi la nyuma tulibaki mimi na baba mdogo.

Akainama akaninong'oneza: "Umeona? Kila mutoto amekwisha kupata kwao. Umewagawanya kwa majirani kwa mikono yako. Sasa miye, damu yao, unanikatalia juu ya nini?"

Kwa macho ya mgeni ilikuwa kweli. Ule wema wa shirika ulikuwa umegeuka ushahidi dhidi yangu, na mimi ndiye niliyesema aksanti.

Nilisali vibaya siku hiyo. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siandiki hapa.

Tukatoka uani. Michezo ikaanza: kuvuta kamba, kukimbia ndani ya gunia, na ule mchezo ambao parokia nzima huungojea, akina baba kufunga watoto mgongoni kwa kikwembe na kukimbia. Papa Faustin alifunga mtoto wake wa mwisho, hatua ya tatu mtoto amefika magotini. Akina mama wakapiga kelele, "Mwalimu! Mutoto si kartable!" yaani si mkoba wa shule. Hata baba mdogo alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nahesabu kwamba kesho wakati kama huu nyumba itakuwa na watu wawili.

Chakula kikapakuliwa. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani, maharagi, mchele kwa waliojaliwa. Akina mama wa mapokezi wakamletea baba mdogo sahani yake ya mgeni, na paja la kuku juu. Mimi nilipewa ya kwangu nikaiweka chini, sikuwa na hamu.

Muda kidogo nikasikia sauti ya Mama Régine kutoka mkeka wake.

"Merveille, kula. Sombe yangu haina pilipili."

Akaongeza sauti:

"Uko mugonjwa? Ao unapenda samaki? Leteni samaki."

Nikageuka. Merveille alikuwa ameketi wima, sahani imejaa iko juu ya magoti, ameifunika kwa mkono. Hali. Nikatazama mkeka wa Papa Faustin: Héritier naye hivyohivyo, anaangalia chakula kama mtu anayelinda duka. Kwa Mama Zawadi, Espérance yuko vilevile, ameinamisha kichwa kwa aibu, lakini hali.

Mama Zawadi akaanza kukasirika. "Huyu mutoto anatudharau? Chakula yetu iko na kasoro gani?"

Ndipo Merveille akasimama. Akashika sahani kwa mikono miwili, akaanza kupita kati ya mikeka ya watu taratibu, ulimi umetoka nje kwa kuogopa kumwaga.

"Unaenda wapi na chakula?" Mama Régine akamuita.

"Kwa Yaya. Chakula ya inje inafikaka kwanza kwake."

Wakuu, hapa niwaeleze kama nilivyowaeleza watu wa uani, waliokuwa wote wananitazama.

Mama alipofariki, majirani walitusaidia sana. Lakini msaada ulikuja ovyo. Huyu anaitwa pale anakula anashiba, yule anarudi kutoka shuleni hakuna aliyemuita, analala njaa akisikiliza mwenzake anavyobeua. Siku moja walipigana juu ya hilo. Nikaweka sheria: ukipewa chakula nje, hata andazi moja, usile. Leta nyumbani, kiingie kwenye beseni moja, nigawe, tule wote.

Sheria ilizaliwa na njaa, haikuwa na hekima yoyote. Siku hizi tunakula kila siku, Mungu asifiwe, lakini hatukuwahi kuifuta. Na kwa mambo yaliyokuwa kichwani mwangu nilisahau kuwaambia kwamba sikukuu haimo.

Niliona aibu. Familia tatu zilikuwa zimewavisha, zimewapandisha altareni, zimewapakulia, na wao wanazitia aibu mbele ya parokia. Nikamwambia Merveille kwa sauti ya chini:

"Rudi ukule kule. Leo ni siku kuu."

Hakurudi. Héritier alikuwa ameshafika nyuma yake na sahani yake.

"Kwani sheria imekufa, Yaya?"

Espérance akafika wa mwisho. Alikaa tu chini, karibu na mimi, kama tunavyokaa nyumbani.

Mama Régine akasimama, mikono kiunoni, akatutazama. Halafu akageuka akaenda zake upande wa jiko. Nikajua nimemkosea mwanamke aliyenisaidia kuliko wote.

Merveille yeye alikuwa anamtazama baba mdogo, ambaye paja la kuku lilikuwa tayari mdomoni.

"Baba mudogo! Na weye umeanza?"

Watu walicheka hadi nyuma. Baba mdogo akaacha kutafuna. Akatutazama mmoja mmoja, akaangalia paja lililoumwa, akalirudisha kwenye sahani. Mzee mzima, mwenye mji wake Mahagi, ameketi na mdomo umejaa, hajui ameze ama ateme.

Mama Régine akarudi. Mkononi ana beseni kubwa la jikoni, limeoshwa, maji bado yanachuruzika. Akaliweka katikati yetu.

"Tuliwagawanya," akasema. Hakusema kwa nguvu. "Tulidhani munakosa familia. Mutusamehe."

Nikamwaga sahani zote humo: sombe juu ya maharagi, samaki juu ya mchele, mchanganyiko usio na jina. Baba mdogo akasogea akamwaga na yake, na paja lake lililoumwa. Nikagawa. Nyama nikamrudishia yeye, akaikata akampa Merveille.

Abbé alipita na maji yake ya baraka akatunyunyizia palepale, bila kuuliza baba yuko wapi. Nikaweka mkono wangu juu ya vichwa vyao. Ulikuwa na mafuta ya samaki, na Espérance alilalamika juu ya nywele zake.

Asubuhi yake baba mdogo alifunga begi lake peke yake nyuma ya moto. Nilikuwa nimeshaandaa nguo za wale wawili, zimekunjwa kitandani. Aliziona, akazipita.

Akanivuta pembeni.

"Baba yenu akiwa kitandani karibu kufa, nilimuapia mbele ya ukoo kwamba nitawarudisha watoto nyumbani Mahagi. Watu wataniuliza tena. Nitawaambia nini?"



Mwenyewe akajijibu: "Nitawaambia nimewaona wanakula."

Akapanda moto akaenda.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo, lakini nakishika. Ukitaka kumsaidia yatima, muulize kwanza ana nini, kabla ya kumjazia unachodhani amekosa. Na ukiwa wewe ndiye unayesaidiwa, usione haya kusema "siye tuko hivi." Ningemwambia Mama Régine mapema, angeelewa siku ileile. Siku hizi kwenye Siku ya Familia tunaitwa kwa jina la baba yetu, tunapanda wanne, na hakuna anayeshangaa. Naishukuru parokia yangu kwa hilo, na kwa mengine mengi. Wamekosea mara moja, wamenibeba miaka.

Waliolelewa na kaka ama dada, na walezi wenzangu, karibuni mtueleze ninyi mna sheria gani nyumbani. Wanaotaka kunipinga kuhusu haki ya ukoo nao waje, nitawajibu nikitoka moulin.

Ila kuna deni, na hilo siwezi kulipia humu. Baba mdogo alivunja kiapo chake ili sisi tubaki pamoja. Huko Mahagi kila msiba na kila harusi wazee wanamuuliza watoto wa ndugu yake wako wapi, na anaibeba aibu hiyo peke yake. Aliniomba kitu kimoja tu: niende siku moja na wote watatu, nisimame mbele ya ukoo, niseme mwenyewe kwamba ni mimi niliyewabakiza, yeye hakututupa.

Mwaka wa kwanza barabara haikuwa na usalama. Mwaka uliofuata tulifunga mabegi tukaanza safari, tukaambiwa barabarani turudi.

Mpaka leo ninapoandika, hatujaenda.