Gari la Harusi Lililofika Kimya

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mabati ya Kibomet, mjini Kitale, na gari jeupe linaingia gereji ya Fridah Nekesa likiwa limevaa utepe wa waridi na kufuka mvuke kama sufuria ya githeri. Mwenye gari, Mzee Mukhisa, anaruka nje kwa suti yake mpya na kukimbilia boneti.

"Usiguse kifuniko cha rejeta!" Nekesa anafoka akitoka chini ya pikapu. "Maji hayo yatakupeleka hospitali badala ya kanisani."

Mzee anarudisha mkono. Leo anampeleka mpwa wake, Viola, akaolewe Bungoma. Bi harusi ameshavaa. Msafara umejipanga barabarani, na gari hili ndilo la mbele. Likikwama, harusi imekwama.

Nekesa, fundi wa umeme wa magari, anajifuta mikono taratibu.

"Linachemsha ukikimbia ama ukisimama?"

"Nikikimbia liko sawa. Jana nilisimama Kiminini kubeba watu, mshale wa joto ukapanda. Leo limengoja tu hapo nyumbani likipambwa, limechemka."

"Basi ni feni. Ukikimbia, upepo unaifanyia kazi. Ukisimama, unaitegemea yenyewe, na yako imelala."

Injini inapopoa, anaongeza maji, analiwasha gari na kufungulia kiyoyozi, ambacho huamsha feni papo hapo. Kimya. Fyuzi ni nzima. Anachomoa waya za feni na kuzigusisha betri. Feni inavuma hadi utepe unapepea.

"Feni haijafa, mzee. Haipati amri tu."

Anayetoa amri ni rilei, kidude cheusi kinachotosha kiganjani, kinachoruhusu umeme ufike kwenye feni injini ikipata joto. Hii imeungua. Nasir, muuza spea wa jirani, anasema ya aina hiyo itatoka Eldoret Jumatatu.

"Si uweke dairekti waende, bana!" anapaza sauti Absalom, fundi wa breki upande wa pili wa uwanja.

Dairekti ni mazoea ya gereji nyingi huku. Feni inafungwa kwa waya moja kwa moja hadi kwenye betri, inazunguka mchana kutwa, mteja anashukuru na kuondoka. Nekesa aliacha siku alipoletewa gari ambalo waya kama huo uliyeyuka na kuchoma kila kitu hadi kwenye dashibodi.

"Na huyu anabeba bi harusi mwenye gauni la mita ngapi sijui," Nekesa anamjibu Absalom. "Akishika moto utamzima na breki zako?"

Kisha anachomoa rilei ya honi, ambayo katika gari hili ni pacha wa ile ya feni, na kuipachika mahali pa iliyoungua. Feni inavuma.

"Nenda salama. Ila huna honi."

"Ati nini?" Mzee Mukhisa anashika kichwa. "Gari ya harusi, ya mbele kabisa, bila honi? Watu wa Bungoma watafikiri tunaleta maiti!"

"Msafara wa harusi hutambaa, mzee. Kutambaa ndiko kunakoua injini isiyo na feni. Chagua."

Mzee anachagua, huku akinung'unika.

Nekesa ana miaka thelathini na minne, na umeme aliukuta nyumbani. Babake, Sifuna, alitengeneza redio sokoni Bungoma, na binti alijua kulehemu waya kabla hajajua kusonga ugali. Simu zilipoua kazi ya redio, babake alifunga kibanda chake. Binti akahamia Kitale na kugeukia magari.

"Wengine walikuja na gari, wakiona ni mwanamke wanauliza, 'Fundi yuko wapi?' Nilikuwa nawaambia ametoka, wangoje. Wakichoka kungoja, wananipa ufunguo," anasema akicheka.

Sasa hawaulizi. Kazi inamlipia kodi na karo, na Jumapili anapumzika bila wasiwasi. Anachotaka ni kukifungua tena kile kibanda cha Bungoma, safari hii kwa magari, babake akae mlangoni apokee wateja. "Anapenda kuongea. Mimi napenda kutengeneza."

Jumanne Mzee Mukhisa anarudi, bila suti. Nekesa anaichomeka rilei mpya na kubonyeza honi. Inalia hadi kuku wa jirani wanatawanyika.

"Sasa ndiyo inalia!" mzee anafoka. "Unajua ulitufanyia nini? Wa nyuma hapigi honi kabla ya wa mbele. Ndiyo heshima. Wote wakaningoja nianze. Tukaingia Bungoma kimya, magari yote!"

Kumbe akina mama wa upande wa bwana harusi walikuwa nyuma ya kanisa wakipanga sufuria, masikio yakingoja honi ndipo watoke na nyimbo na vigelegele. Viola akashuka mbele ya uwanja mtupu. Aliyempokea ni mbuzi.

"Viola alikasirika?"

"Huyo alicheka mpaka wanja ikamwagika. Aliyekasirika ni shangazi wa bwana harusi, Mama Agneta. Amesema fundi aombe msamaha. Huyu hapa." Anampa simu.

Sauti inasikika uwanja mzima. "Ni wewe ulituibia nyimbo zetu?"

"Shikamoo, Mama. Mshale wa joto ulipanda njiani?"

"Mshale gani? Mimi nauliza nyimbo!"

"Ulikaa katikati," Mzee Mukhisa anakiri pembeni. "Hata tulipotambaa Webuye."

"Na bi harusi alifika, Mama?"

"Alifika."

"Na gauni lilibaki jeupe?"

"Jeupe, ndiyo. Sasa omba msamaha tuyamalize, mwanangu. Nasikia unataka kuja kufanya kazi huku kwetu."

Absalom ameacha breki zake. Nekesa anasogeza simu karibu na mdomo.

"Nakuja, Mama. Na mkileta gari lisilo na feni, nitatoa honi tena. Msamaha siombi."