Kivuli cha Mizani

Kwenye kituo kimoja cha kununulia pamba, nje kidogo ya Bariadi ukishika njia ya Lagangabilili, mizani hutundikwa katikati ya uwanja, juani, na karani hukunja mikono ya nguo hadi juu ya viwiko. Hiyo ni sheria ya wakulima wenyewe. Waliibiwa sana zamani, mizani ilipokuwa ghalani na karani wa mikono mirefu akilinyanyua gunia kisirisiri. Wakaapa kwamba hakuna tena mizani kivulini, hakuna tena mkono uliofunikwa.

Sheria nzuri, mpaka ilipomkuta Domitila.

Alikuwa karani wa mizani kwa misimu mingi, na hakuna aliyewahi kumshuku. Kisha wekundu ukamwota usoni, kutoka shavu hadi shavu kupitia puani. Viungo vikavimba, nywele zikabaki kwenye kitana. Mwanza wakampima, wakamwambia ni lupus: kinga ya mwili imemgeuka mwenyewe, na jua ndilo linaloichochea. Daktari alimsihi ajifunike na akae kivulini, ugonjwa usije ukafika kwenye figo.

Msimu ulipofunguliwa alikuja na kofia pana na blauzi ya mikono mirefu. Alikuwa mjane, na kazi ile ndiyo iliyoinjika sufuria nyumbani kwake.

"Mayo, huo uso ni mkorogo wa kujichubua umekuunguza," alisema Nyanjige, mkulima aliyekuwa mbele kwenye foleni, na uwanja mzima ukacheka.

"Ni ugonjwa, mama. Daktari amenikataza jua."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akadakia mzee Luhende, macho kwenye ile mikono mirefu. "Kunja tuone."

Domitila akamwendea Bundala, katibu wa chama cha ushirika, kumwomba walau turubai juu ya mizani. Bundala alikuwa ofisini chini ya feni, anamenya chungwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyu hakutaka hata kusimuliwa.

"Dada Domi, wanaolima hiyo pamba wanalimia kivulini? Nikikuwekea turubai watasema wizi umerudi. Kunja mikono, au nimwite mwingine."

Akakunja. Akapima pamba mchana kutwa, mikono ikitoka malengelenge, na jioni akashindwa kushika mwiko; watoto wakamlisha. Kesho yake akarudi, maana bila hivyo wao wangelala njaa. Wakulima waliridhika mno. "Sasa tunakuona," walimwambia, na Nyanjige akamletea michembe, vipande vya viazi vikavu vya kutafuna, eti wamepatana. Roho nzuri ya namna hiyo ndiyo inayonitia hasira kuliko matusi.

Kabla msimu haujaisha miguu ilimvimba, mkojo ukatoka na povu. Siku moja alianguka chini ya mizani, gunia la mzee Luhende likiwa bado linaning'inia. Mzee aliuliza kwanza gunia lake limesoma ngapi, ndipo akaomba maji yaletwe.

Alilazwa Mwanza muda mrefu. Figo zilikuwa zimeshaguswa. Nafasi yake akapewa Goodness, mpwa wa Bundala.

Msimu uliofuata Domitila alirudi kuomba kazi yoyote, hata ya kufagia ghala. Uwanjani alikuta banda: nguzo mpya, mabati yanayong'aa, na chini yake mizani ya kidijitali. Moyo ulimruka. Walimsikia, alijiambia, wamechelewa tu lakini walimsikia. Akaingia kivulini, akavua kofia, machozi yakimlengalenga.

"Wabeja, katibu," Domitila alimshukuru Bundala alipofika. "Wabeja sana."

"Kwa lipi? Aa, hili banda! Mashine haitaki jua, dada. Namba zinafifia, mara inazima. Wakulima wenyewe wamechanga mabati." Akamshika kiwiko kwa upole. "Ila tusimame nje. Humu anaingia karani peke yake."

Domitila akatoka. Jua la saa sita lilikuwa utosini, na foleni nzima ilikuwa inamtazama. Kabla hajafungua mdomo kuomba kazi, akaanza kukunja mikono ya blauzi.