Maziwa ya Papa

Asubuhi moja niliondoka Masisi kwa miguu, bila mpango. Siku ya tatu nilifika Kashebere, nikakuta watu wamejaa ghalani wakionyeshwa filamu: waigizaji wakicheza Wazungu waliofungwa wakati wa vita bila kuhukumiwa. Afisa Mzungu wa serikali ya kikoloni, aliyekaa mbele, alifuta machozi. Mimi niligeuza uso.

Katika vita hivyo hivyo, nikiwa mtoto, serikali hiyo ilimfunga Papa, baba yangu, nyuma ya uzio ulionuka utomvu. Nyumbani tulitenga ng'ombe wagonjwa vile vile mpaka wapone, kwa hiyo nilidhani anaumwa. Nikampelekea maziwa kibuyuni.

“Papa, utapona lini?”

Wafungwa wakacheka. “Mutoto wangu,” alijibu Papa, “hata sisi hawajatuambia tuko na ugonjwa gani.”

Askari akaninyang'anya kibuyu, akaosha viatu vyake kwa maziwa yale. Kwetu hata tone halimwagwi. Papa hakutoka tena, wala hakuambiwa kosa lake.

Filamu ilipoisha, mama mmoja alinikaribisha kulala kwake. “Kaka, kunywa kwanza, iko moto.”

Yalikuwa maziwa. Nilikumbuka viatu vya yule askari, nikayanywa mpaka tone la mwisho.